Ripoti za kahawa, foleni ya barua na viraka tulivyoviacha

Kwa muda mrefu kazi yangu hapa Bukavu ilikuwa kuziba matundu ya mfumo wa barua pepe. Ushirika wa wakulima wa kahawa ninaouhudumia hupokea ripoti kwa barua pepe kutoka vituo vya kuoshea kahawa vya kisiwa cha Idjwi na vya Kalehe: kilo zilizopimwa, malipo ya wakulima, picha za daftari. Mtandao wa kule huja na kwenda. Mjini nako umeme hukatika, ingawa mabwawa ya Ruzizi yako mlangoni kabisa. Ndiyo maana barua pepe ilitufaa kuliko fomu ya tovuti. Karani anaandika kwenye simu hata kama mega za intaneti zimeisha, anaikabidhi kompyuta ndogo ya kituo inayotumia sola, nayo inatuma mtandao ukirudi.

Programu ya kusoma ripoti hizo tuliiandika wenyewe kwa Python, mimi na fundi mmoja kijana, tukaiweka wazi kwa leseni huria. Ikakua kwa viraka, yaani marekebisho ya harakaharaka. Ripoti zikichelewa kutoka, skripti (programu fupi) inailazimisha kompyuta ya kituo kutuma upya foleni yote ya barua zinazosubiri kila baada ya dakika chache. Ripoti ikiingia mara mbili, skripti nyingine inafuta yoyote yenye kichwa na ukubwa sawa na iliyotangulia. Sanduku la barua likiharibika umeme ukikatika, kuna skripti ya kulirekebisha asubuhi. Sivibezi viraka vile. Msimu wa mavuno hausubiri mtu, na kila kimoja kiliwezesha wakulima kulipwa wiki hiyo.

Mambo yalibadilika wengine walipoichukua programu: ushirika mmoja wa Goma, kisha watu wa Bujumbura. Viraka vilivyozoea seva yetu havikuwafaa, na maswali yao yalikuwa mazuri kuliko majibu yetu. Kijana akaniambia, kama mdogo kwa mkubwa wake, «Yaya, tukiongeza kiraka kingine hapa, mimi sitaweza kuwaeleza wa Goma kinafanya nini.»

Nikarudi kwenye msingi wenyewe. Kanuni za SMTP, utaratibu ambao seva hutumia kupokezana barua pepe, ziliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, katika RFC 821 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti), na kiini chake kinatuhusu sana sisi wa mitandao inayokatika. Seva ikishajibu 250, yaani «sawa, nimepokea», baada ya kupokea mwili wa ujumbe, imeubeba: ama iufikishe, ama imjulishe mtumaji kwamba imeshindwa. Kabla ya jibu hilo, mwenye mzigo bado ni mtumaji. Ni kama gunia la kahawa linaloshushwa kutoka boti ya Idjwi: hakuna anayeliachia kabla mwenzake hajalishika. Tangu hapo swali letu likawa moja tu: ujumbe huu, sasa hivi, uko mikononi mwa nani? Viraka vyetu vyote vilikuwa vimetungwa bila swali hilo.

Tuchukue foleni. Vituo vyetu vinatumia Postfix, programu ya seva ya barua pepe ambayo Wietse Venema aliitoa mwaka 1998 akiwa IBM. Sendmail, seva ya barua ya zamani, ilikuwa programu moja kubwa inayofanya karibu kila kitu. Venema aligawa kazi kwa programu ndogondogo, kila moja na wajibu wake. Ujumbe ukikwama kwa muda, Postfix huuweka kando, huujaribu tena baada ya sekunde 300, kisha nafasi kati ya majaribio hurefuka hadi sekunde 4000. Usipofika kwa siku 5, unarudishwa kwa mtumaji. Skripti yetu ilikuwa inavuruga utaratibu huo wote. SMTP haiendelezi ujumbe ulioishia njiani, kwa hiyo picha kubwa zilianza upya kila mara na kumaliza mega. Tuliifuta skripti, hatukuweka kitu mahali pake. Nasisitiza hili kwa sababu wengi hudhani usanifu wa muda mrefu ni kuongeza tabaka. Sehemu kubwa ya wetu ilikuwa kufuta.

Nakala mbili za ripoti moja ndizo zilizotufikirisha zaidi. Mtandao ukikatika baada ya seva kupokea ujumbe wote, lakini kabla jibu la 250 halijafika kituoni, kituo hakina njia ya kujua kwamba umepokelewa. Kitautuma tena, na kina haki. Tatizo hilo lilielezwa tangu 1988 katika RFC 1047. Kufuta kwa kulinganisha kichwa na ukubwa ni hatari, kwa kuwa vituo viwili vinaweza kutuma «Ripoti ya Jumanne» zinazolingana. Kisichobadilika ujumbe ukitumwa tena ni mstari wake wa Message-ID, kitambulisho cha pekee cha kila barua. Sasa programu inaandika Message-ID na ripoti kwenye hifadhidata kwa tendo moja lisilogawanyika. Ukija tena, hakuna kinachoandikwa.

Sanduku la barua tulilitoa kwenye mbox, faili moja kwa barua zote, tukaenda Maildir, ambako kila barua ina faili yake na haionekani kwa msomaji kabla haijaandikwa yote. Skripti ya asubuhi ikaondoka nayo.

Kisha tukaandika waraka mfupi unaotaja, kwa kila hatua, nani anashika ujumbe na lini anaruhusiwa kuuachia. Badiliko lolote, liwe langu au la mtu wa Bujumbura, linapimwa kwa waraka huo. Majaribio yanaiua programu katikati ya kila hatua, yanaiwasha tena, kisha yanahesabu: ripoti lazima iwepo mara moja, si sifuri wala mbili. Msimu mzima tuliendesha mfumo wa zamani na mpya sambamba. Ilichosha, na ningefanya hivyo tena, kwa sababu ni fedha za wakulima.

Tunachobishania sasa ni picha. Postfix isipobadilishwa inakubali ujumbe wa hadi baiti 10,240,000, na kiambatisho huongezeka kwa zaidi ya theluthi kinaposimbwa kwa base64, njia ya kugeuza faili kuwa maandishi ili ipite kwenye barua pepe. Picha za megabaiti 8 hukataliwa moja kwa moja, hazijaribiwi tena. Wa Goma wanataka tupandishe kikomo. Mimi nataka picha ipunguzwe kwenye simu, kabla kompyuta ya kituo haijajibu 250, maana baada ya hapo hatuna ruhusa ya kugusa ujumbe wa karani. Wamekubali tujaribu hivyo Kalehe kwanza.