Chupa ya Chumvi Iliyonitoa Aibu

Mshauri wangu wa kwanza alikuja na suruali iliyopigwa pasi. Akatuambia pale chini ya mwembe kwamba mkulima anabaki maskini kwa sababu ya haraka: "Weka ndani, bei itapanda." Mimi msikivu nikaweka. Magunia kumi na moja ya mahindi, chumba cha watoto, Januari 2021. Watoto wakahamia jikoni.

Machi, Kenya ikazuia mahindi ya Uganda na Tanzania, ikisema yana sumu ya kuvu, aflatoksini. Hapa Busia, upande wa Uganda, kwenye stendi ya bodaboda, hakuna aliyepaza sauti kunishinda: hiyo ni siasa, mahindi haya tunakula wenyewe na hatufi! Jioni nikafungua gunia moja nijiridhishe. Mkono ukazama kwenye joto kama la uji. Katikati, ukungu wa kijani. Magunia saba yalikuwa hivyo. Dalali mmoja aliyataka kwa ajili ya wapika pombe, mke wangu akamtimua na mwiko mkononi. Hata kuku hakuwapa. Tukachimba shimo. Mpaka ulifunguliwa baada ya siku chache tu, kwa sharti la cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, lakini mimi nilikuwa nivushe nini?

Bwana wa pasi hakuwa amesema neno moja kuhusu kukausha. Sisi tulianika juu ya udongo, jua likikausha juu na ardhi ikilowesha chini. Kupukuchua tulipiga gunia kwa fimbo, punje zikapasuka, na kuvu huingilia hapo hapo.

Turubai nilinunua, elfu hamsini na kitu. Kazi ikabaki kujua yamekauka lini. Wazee huuma punje wakasikiliza mlio, ila meno yangu si ya kutegemea. Mama mmoja wa chama chetu akanionyesha chupa: mahindi hadi theluthi, vijiko viwili vitatu vya chumvi, funga, tikisa, subiri kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15.

Rahisi, nikasema. Nikachota chumvi jikoni. Ikanata. Nikaanika siku nyingine. Ikanata. Siku ya tano punje zinalia kama kokoto, chumvi bado inanata, na jirani ananiuliza kama naanika au nakaanga. Mke wangu ndiye aliyecheka kwanza: "Baba Wekesa, chumvi yenyewe imelowa." Kopo lake halina kifuniko na linakaa kando ya sufuria ya uji! Sasa chumvi naianika yenyewe kwanza, kwenye sahani. Na chupa iliyooshwa leo usiiamini. Hata ikipita, mimi huongeza siku moja ya jua, maana kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5 na chupa haioni mbali hivyo.

Ilipofika milioni moja ya PDM, mkopo wa serikali ya Uganda kwa kila kaya, kuna waliofanyia harusi. Sisi sita tukachanga sehemu ya zetu tukanunua mashine ya kupukuchulia, ya mtumba, inapiga kelele kama pikipiki mgonjwa. Vijana wawili waliokuwa wakibeba magendo mpakani ndio wanaoizungusha kijijini, wanalipwa kwa gunia. Mmoja ameshaezeka nyumba ya mama yake kwa mabati. Hela za huo mkopo tunarudisha kidogo kidogo, msiniulize zimebaki ngapi.

Msimu uliopita dalali yule yule alikuja na kipimo chake cha umeme. Akachoma gunia la kwanza, 13.1. Akachoma la katikati, kisha la chini kabisa, akidhani nimeficha mabovu huko. Alipomaliza akauliza mashine ya kupimia tulinunua wapi. Nikamletea chupa ya soda. Akaitikisa, akaiangalia, akaniuliza kama ninamtania.

Watoto wamerudi chumbani kwao. Kopo la chumvi limepata kifuniko, na mimi nimekatazwa kuligusa.