Bangili ya Kijani

Jumatano jioni, siku mbili kabla ya safari, niliketi barazani kwangu Nyakato nikiwa na kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu, nikitafuta jibu la swali ambalo sikuwahi kujiuliza tangu nizaliwe: je, naweza kunywa bia saba kwa siku, siku tatu mfululizo?

Swali hilo lilitokana na karatasi ya bei niliyoletewa na katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Tulikuwa tumekodi nafasi ishirini katika boti ya matembezi yenye vyumba vya kulala, kutoka Mwanza hadi Ukerewe na kurudi, Ijumaa hadi Jumapili. Nauli na chakula vilikwisha kulipwa kutoka katika faida ya mwaka, ila vinywaji havikuwamo. Aliyetaka angenunua kimoja kimoja kaunta: bia shilingi 6,000, soda 3,000, juisi 4,000, kahawa 2,000 na maji ya nusu lita 2,500. Aliyetaka raha angenunua kifurushi cha shilingi 55,000 kwa siku, akavishwa bangili ya kijani mkononi, akanywa apendavyo. Kifurushi hakikuuzwa kwa siku moja. Ilikuwa ama siku zote tatu ama hapana, na juu yake iliongezwa asilimia kumi ya huduma. Jumla ilikuwa shilingi 181,500. Kwa fedha hizo, katika baa ya mtaani kwangu ambako bia ni shilingi 2,500, ningepata chupa sabini na mbili na chenji ya 1,500.

Nilimpigia simu mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye ni mhudumu wa baa katika meli moja ya kitalii huko Karibi, nikijua kwamba mambo ya namna hii ndiyo mkate wake wa kila siku. Baada ya shikamoo na habari za mama yake, alicheka sana, kisha akasema kwamba wenye boti yetu wameiga kwa wakubwa neno kwa neno. Katika meli kubwa, alinieleza, kifurushi cha vileo huwa kati ya dola 60 na 100 kwa siku, kutegemea meli na msimu, nacho hununuliwa kwa safari nzima. Huongezwa ada ya huduma ya asilimia 18 hadi 20, na anayekinunua mapema kabla ya kupanda mara nyingi hupata nafuu. Hata neno "bila kikomo" lina kikomo chake: kampuni ya meli ya Carnival, kwa mfano, humruhusu mteja vileo 15 tu ndani ya saa 24. Aliniusia mambo mawili. Kwanza, nihesabu saa nitakazokuwa ndani ya boti nikiwa macho, kwa sababu siku ambayo meli imetia nanga na abiria wameshuka kutembea, kifurushi kinaendelea kuhesabu wakati bangili inatembea mjini bila kazi. Pili, niulize vya bure ni vipi kabla ya kununua chochote. Usia wa kwanza niliuandika. Wa pili niliusahau, na nitaueleza mahali pake.

Nilipiga hesabu. Kwa siku moja, pamoja na ada, nilipaswa kunywa vitu vya shilingi 60,500 ili nisipate hasara wala faida. Bia saba, chupa tatu za maji, vikombe viwili vya kahawa, juisi moja na soda moja: jumla 60,500 kamili, bila senti kuzidi wala kupungua. Mimi ni mtunza stoo wa shule, nina miaka hamsini na minne, na bia ya tatu kwa kawaida hunikuta nikisinzia. Hesabu ilikuwa imekwisha kusema. Lakini mtu ambaye ameambiwa "utakunywa upendavyo" hasikilizi hesabu, husikiliza koo.

Kikwazo cha pili kilikuwa shemeji. Mke wangu, ambaye ndiye aliyekuwa asafiri nami, alipata msiba Magu, na nafasi yake ikachukuliwa na kaka yake kutoka Shinyanga. Huyu ni mhasibu mstaafu na Msabato wa kweli: hagusi pombe, hanywi kahawa, na soda nyeusi huikataa kwa sababu ya kafeini. Sasa kanuni ya kifurushi, ambayo mpwa wangu alinithibitishia kwamba kampuni nyingi kubwa zinayo, ilisema kwamba watu wazima wote wa chumba kimoja lazima wakinunue, ili mmoja asinywe kwa bangili ya mwenzake. Nilikwenda ofisini kwa wakala Alhamisi asubuhi, tukabishana karibu saa nzima, na mwisho akakubali kwamba shemeji atachukua kifurushi cha soda na maji cha shilingi 25,000 kwa siku, yaani 82,500 pamoja na ada. Shemeji aliisikia habari hiyo kwa simu akanyamaza kwa muda mrefu.

"Shemeji," akasema hatimaye, "mimi nilidhani nakuja kuangalia ziwa."

Nikamwahidi kumchangia 40,000. Yeye akalipa 42,500 siku hiyohiyo, ili jambo la fedha lisiingie katika Sabato.

Tuliondoka bandarini Ijumaa saa nne asubuhi. Mhudumu alitumia kama dakika ishirini kutueleza bangili, rangi zake na masharti yake, na dakika moja kutuonyesha yalipo majaketi ya kujiokolea. Mimi nililifungua kabati nikayahesabu mwenyewe. Mtu wa Mwanza aliyekuwa na akili zake tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa imekaribia kufika, hapandi chombo bila kuhesabu, na niliona kwamba wenzangu wa rika langu walikuwa wakihesabu kimyakimya vilevile. Kaunta ilifunguliwa saa sita, kwa hiyo saa mbili za kwanza za kifurushi changu ziliisha nikiwa mkavu.

Ilipofunguliwa niliomba maji. Nilipoyashika nilitazama pembeni ya boti nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona kuwa la ajabu nikiwa nchi kavu. Tulikuwa tukielea juu ya maji baridi ya kilomita za mraba 68,800 hivi, maji ambayo yamepelekwa kwa bomba hadi Kahama na Shinyanga kwa shemeji, na hata Tabora, nami nilikuwa nimeshika nusu lita yenye thamani ya shilingi 2,500. Ni kweli kwamba hakuna anayeyanywa jinsi yalivyo, kichocho tunakijua, lakini bei ile ingemfaa mtu aliye katikati ya bahari ya chumvi. Shemeji hakuchukua maji. Aliomba soda ya machungwa, akaandika jambo katika daftari lake dogo, akaendelea kutazama ndege.

Jioni ile, tulipokuwa tukikaribia Nansio, bandari ya Ukerewe, ndipo lilitokea lile lililoniharibia safari. Mezani kwetu aliketi mzee mmoja wa miaka sabini na ushei, baba wa mmoja wa wanakikundi, ambaye alifanya kazi ya mitambo katika meli za ziwa hili kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwa muda wa saa nzima alitusimulia jinsi injini inavyosikilizwa kwa sikio kabla ya kutazamwa kwa macho, na jinsi dhoruba za huku hupenda kuja usiku wa manane na alfajiri kuliko mchana. Mkononi hakuwa na bangili, na mbele yake hapakuwa na kitu. Mimi nilikuwa na bangili na bia ya tatu. Kwa malezi yetu, mzee akikusimulia saa nzima, si adabu kuketi ukinywa peke yako. Nikamwita mhudumu, nikaagiza mbili.

"Samahani, mzee wangu," akasema yule dada kwa adabu kamili, "bangili moja ni kinywaji kimoja kwa wakati, na cha pili ni baada ya dakika kumi na tano."

Nikasema basi alete moja, nami nitampa mzee ile moja, na mimi nitangoja dakika zangu. Akasema hilo nalo haliruhusiwi, kwani kinywaji cha bangili hakihami mkono. Akikutwa mtu asiye na bangili anakinywa, mwenye bangili hunyang'anywa kifurushi bila kurudishiwa fedha. Alisema hayo mzee akisikia. Sikujua niyapeleke wapi macho yangu. Mzee alijifanya anaangalia taa za Nansio, akasema hana kiu, na kila mtu mezani alijua kwamba ni heshima tu iliyomfanya aseme hivyo.

Nilitoa shilingi 6,000 taslimu mfukoni nikamnunulia bia mzee. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akanywa nusu. Lakini meza ilikuwa imepoa, na hadithi ya injini haikurudi.

Nililala nikiliwaza jambo hilo kuliko nilivyowaza zile 6,000. Huku kwetu sijapata kumwona mtu akienda baa kunywa chake tu. Mtu huingia na 20,000, akakuta watu wanne, akaagizia meza. Kesho yake huingia na 2,000 na mwingine humwagizia yeye. Hakuna anayeandika, ila kila mtu anajua nani ametoa na nani amekuwa akikwepa zamu. Nilipokuwa nikipiga hesabu barazani kwangu nilihesabu bia nitakazokunywa mimi, kana kwamba ndizo bia zote ambazo mtu hulipia. Bia ambazo ningewapa wengine sikuzipa nafasi katika karatasi, na kumbe hizo ndizo hasa ninazozinunua kila mwisho wa mwezi. Kifurushi kile kilikuwa kama bando la simu: kina jina lako, kinaisha muda wake ukifika hata kama hukukigusa. Tena afadhali bando, maana hilo unaweza kumrushia mwenzako.

Jumamosi ilipita haraka. Tulishuka saa mbili asubuhi tukarudi botini saa kumi na moja jioni. Shemeji alikwenda kusali Nansio, sisi tukapanda kilima cha Handebezyo tukaviona visiwa vimetapakaa, tukala sato kwa mama mmoja karibu na gati, na soda ya pale ilikuwa shilingi 1,000. Niliinunua kwa fedha yangu nikiwa na bangili ya kijani mkononi, na yule mama akaniuliza kama nimetoka kulazwa hospitali.

Usiku huo niliamua kufidia. Hapa ninakiri upumbavu: nilikunywa bia ya kwanza kwa kiu, ya pili kwa mazoea, na ya tatu kwa ajili ya zile 181,500. Hiyo ya tatu haikuwa na ladha yoyote. Tulipoondoka Nansio kabla ya mapambazuko, dhoruba aliyoisema mzee ikaja kwa wakati wake, na boti ikayumba kwa muda wa saa mbili. Sijui kama ni mawimbi au ni bia ya tatu, lakini Jumapili yote nilikuwa nimelala chali, nikaweza soda moja ya tangawizi na chupa moja ya maji.

Aliyenihudumia ni shemeji. Alikuwa akiniletea maji ya moto na chai ya mchaichai katika kikombe cha bati, na kila alipotoka alirudi na kingine. Nilimwuliza anavitoa wapi, nikidhani ametumia bangili yake. Akanieleza kwamba nyuma ya jiko kulikuwa na chupa kubwa za chai na ndoo yenye bomba iliyojaa maji ya kuchemsha, ni bure kwa kila abiria tangu Ijumaa, na kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa akinywa siku zote tatu. Ndipo nikaukumbuka usia wa pili wa mpwa wangu.

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza.

"Ulikuwa na bangili, shemeji. Nilidhani hutaki."

Tulipoliona Jiwe la Bismarck, mwamba ulio ziwani hapo Mwanza mjini, shemeji akalifungua daftari. Alikuwa ameandika vyangu pia. Ijumaa: maji mawili, soda moja, bia nne, kahawa moja, jumla 34,000. Jumamosi: kahawa, maji, bia tatu na juisi, 26,500. Jumapili 5,500. Nilikuwa nimekunywa vitu vya 66,000 kwa shilingi 181,500, bila kuhesabu ile bia ya mzee. Upande wake kulikuwa na soda mbili za machungwa siku ya Ijumaa, kisha maneno "machungwa yameisha", kisha mistari mitupu.

Nilidhani amemaliza, lakini mhasibu ni mhasibu. Alinionyesha kwamba bila mimi angetumia 6,000, na kwamba amelipa 42,500, hivyo tofauti ya 36,500 ilitokana na mapenzi yangu ya bia saba. Mke wangu, tulipofika nyumbani, alisikiliza pande zote mbili akampa haki kaka yake kabla sijamaliza kujitetea. Nimekwisha kumlipa 20,000. Zile 16,500 anasema hazitaki taslimu. Nimnunulie dagaa pale Mwaloni nimtumie kwa basi la Shinyanga, nao wawe wale walioanikwa juu ya nyavu, si wa mchangani.