Siku moja maishani mwangu: kamera iliyogoma kufungua jicho

Saa 12 asubuhi. Nimetoka Mbagala mapema sana leo, kuna kamera ya mteja niliiacha jana kwenye meza yangu ya ufundi na usiku nimeiwaza. Ni zile ndogo za mfukoni, ukiwasha lenzi inatoka fresh tu ila kifuniko chake kinafunguka nusu, picha zote zinatoka na kona nyeusi.

Saa 2 na nusu. Kariakoo, nishafagia, chai na chapati mbili. Mwenye kamera ni mama mtu mzima, aliniambia "mwanangu, hii alikuwa nayo marehemu baba yenu, simu ninayo lakini nataka hii". Nikamwambia sawa mama, nitaihangaikia.

Saa 3. Watu wengi wanadhani kile kifuniko kina mota yake, kwenye nyingi za hizi hakina, lenzi ikisogea mbele ndo inazungusha karingi kadogo na karingi kanavuta kope mbili za bati jembamba, halafu kuna vispringi kama unywele. Kwa hiyo lenzi ikitoka vizuri ujue tatizo liko mbele tu, usikimbilie kufungua kamera nzima!! Mle ndani kapasita ya flashi, kale kadude kanakotunza umeme wa flashi, inakaa na volti kama 300 hata betri ukishatoa, ilishanipiga mwaka fulani mkono ukafa ganzi.

Nikaiwasha, lenzi ikatoka, nikachomoa betri hapohapo ili lenzi ibaki nje. Nikaiinamisha uso chini nikapuliza kwa kipampu cha mpira, mchanga wa baharini ukadondoka chembe tatu nne. Kuangalia kwa lenzi ya fundi saa naona mafuta. Mtu kaweka mafuta ya cherehani! Jamani msiweke mafuta humo, nawaomba, kope zinagandana kama karatasi mbichi, vumbi linanasa, yakisambaa yanafika kwenye kioo.

Saa 5. Nimeazima drayer saluni ya jirani nilainishe gundi ya ringi ya mbele, kidogo tu, umeme ukakatika. Nikakaa.

Saa 8 umeme umerudi. Ringi imebanduka kwa wembe, polepole. Kope nimezifuta na spiriti kwenye pamba ya masikio, kati yake nikapitisha kipande cha karatasi mara kibao mpaka kikatoka kisafi. Springi moja ikaruka, nimeitafuta sakafuni karibu nusu saa, nikaipata kwa sumaku ya spika mbovu.

Saa 10. Nimerudisha kila kitu, nawasha nazima nawasha nazima, mara ya kumi na kitu kope ya chini ikachelewa. Nikafungua tena, kumbe bado kuna punje moja pembeni.

Saa 11 na robo mama kaja. Kaiwasha mwenyewe, jicho likafunguka lote, akanipiga picha nikiwa na bisibisi mkononi, halafu akaanza kurudisha picha za nyuma moja moja, kasimama palepale kwenye meza yangu mpaka giza likaingia, sikumharakisha.