Siku Moja Maishani Mwangu: Imenipungua Mizani Moja

Saa 11 alfajiri. Mama keshawasha jiko kabla ya adhana. Yeye anamimina unga, mimi nageuza vitumbua kwa kijiti. Watu wanadhani mtungaji wa taarab hukaa ufukweni na daftari akingoja upepo. Nyimbo zangu karibu zote zimeanzia hapa Jang'ombe, kwenye moshi, macho yakinitoka machozi. Leo ilikuja hii:

Mlango niliuacha, usiku kucha u wazi,
Hadi sasa kumekucha, hakuja hata mwizi.

Nikacheka peke yangu. Kisha nikahesabu mizani, yaani silabi za kila kipande, kwa vidole pajani. Nane, nane, nane... saba. Kipande cha mwisho kinachechemea. "Hakuingia hata mwizi" kinafika tisa. "Hakuja hata na mwizi" ni nane kamili, lakini nani anaongea hivyo? Huko ni kuziba tundu la paa kwa gazeti.

"Mwanangu, hicho kilichoungua utakula wewe," Mama akasema. Nimekila.

Saa 3 asubuhi. Nimeshuka Darajani, nikakata vichochoro vya Mji Mkongwe kwenda kwa mwalimu wangu wa ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Mzee ana zaidi ya miaka sabini na bado anavaa risha zake za kudonolea nyuzi vidoleni taratibu kama bibi harusi anayevishwa pete. Ganuni nyuzi zake zinakwenda tatutatu kwa kila sauti, kwa hiyo nusu saa ya kwanza tunatia sauti tu, hatupigi kitu. Nikamwimbia beti langu.

"Vuta," akasema. "Hakujaaa. Umeshapata nane."

Kweli, ukivuta pengo halionekani. Wengi wanafanya hivyo na mimi mwenyewe nimeshafanya. Lakini mwanamke aliyekaa mstari wa mbele kwenye taarab ya harusi hana haja ya kuhesabu kwa vidole. Neno likimchoma atainuka na noti yake aje kukutunza mbele ya watu, na aliyekusudiwa atajijua. Likichechemea, ataendelea kujipepea. Sikumwambia mwalimu hayo. Nilisema, "Ahsante, mwalimu, tutaonana Jumatatu," nikaondoka.

Adhuhuri nilipeleka fomu za nyimbo mbili COSOZA, kwa watu wa hakimiliki wa Zanzibar. Hakuna la kusimulia hapo.

Saa 8 mchana, studio. Chumba kimoja Kwahani, magodoro ukutani, feni imezimwa isiingie kwenye maiki. Prodyuza ni kijana mdogo kuliko mimi, ananiita dada, na kwa biti hana mpinzani mtaani. Ugomvi wetu ni mmoja tu, nao hauishi. Wimbo tunaourekodi uko kwenye bayati, moja ya makamu, yaani ngazi za sauti, za muziki wa Kiarabu. Bayati ukiianzia re, ile mi yake si mi ya kinanda wala si mi bemoli, ile iliyoshushwa nusu sauti. Inakaa katikati, mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Fidla inaipata, udi unaipata, koo langu linaipata kwa sababu nimelelewa nayo. Programu ya kunyoosha sauti haiijui. Ikiikuta inaona nimepotea njia, inanishika mkono na kunipeleka kwenye sauti ya jirani.

"Dada, hapa umeanguka."

"Sijaanguka. Ndipo ninapokaa."

Akaniwekea ile iliyonyooshwa na mashine. Nyororo, safi, na ningeapa ni mtu mwingine anaimba. Tumebishana saa nzima tukitiririka jasho, mwisho akazima ile programu kwenye mistari minne ya bayati na kuiacha kwenye kiitikio. Ni suluhu ya mke mwenza, lakini ni suluhu.

Saa 11 jioni gari ya bendi ikaja kunichukua, mimi nimeshika dera langu kwenye mfuko. Jirani mmoja kila Alhamisi hujikuta ana jambo la kufagia muda huohuo. "Mwanao anafanya kazi gani usiku?" alimuuliza Mama. Mama hata hakuinua kichwa: "Kazi ya Siti." Jirani alinyamaza. Bibi yule, Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alitoka Fumba akitembeza vyungu, akivinadi kwa sauti yake, na mwaka 1928 akafika Bombay kutia sauti kwenye santuri. Mimi naenda Nungwi tu, karibu kilomita 60, na nitarudi usiku huu huu.

Saa 2 usiku. Hoteli yenyewe sitoitaja. Wageni wanakula, sisi tunapiga. Kila usiku lazima ule wimbo wa kuwasalimia watalii, mara mbili kama kuna kikundi kipya, na mzungu mmoja lazima ainuke kucheza na ngoma ya mwenzetu. Sina kinyongo nao, ndio wanaolipa kodi ya studio. Ninaruhusiwa nyimbo zangu mbili, baada ya vitinda-mlo. Hapo ndipo naimba kweli, kwa sababu mlango wa jikoni unafunguka. Wapishi watatu na dada wa kuosha vyombo, mikono ina povu hadi kwenye viwiko, wanasimama pale. Ukumbi mzima hao wanne ndio wanaoelewa ninachosema. Nilipofika kwenye fumbo la pili yule dada alijipiga paja, povu likaruka.

Malipo? "Wiki ijayo." Hii ni wiki ya tatu ya wiki ijayo.

Saa 6 usiku tuko njiani, tumeshapita Kinyasini. Mpiga fidla kalala, kinywa wazi. Dereva hapendi redio, anapenda kuongea na barabara.

"Angalia njia ilivyo nyeupe," akasema. "Toka Kivunge mpaka hapa, hakupita hata paka."

Nikakaa wima. Ha-ku-pi-ta-ha-ta...

"Ami, rudia."

"Nirudie nini?"

Nilikwishatoa simu. Chaji asilimia nne. Nikaimba kwa sauti ya chini, gari likitikisika, *hakupita hata mwizi*, nane, wala haikuhitaji kuvutwa. Mwizi anayepita tu bila hata kuchungulia ni aibu zaidi kuliko asiyekuja, hilo nililiona baadaye. Simu ikazima. Nikaendelea kuuimba mdomoni mpaka Bububu, mpaka Mtoni, nisije nikaupoteza. Mpiga fidla akaamka akauliza nani ananung'unika.

Saa 7 na nusu nimefika nyumbani. Mama kapiga komeo. Nikagonga mara tatu, na wa kwanza kuamka alikuwa jirani.