Nilivyoacha kumficha msomaji kila kitu

Hadithi yangu ya kwanza niliirusha kwa vipande kwenye kundi la WhatsApp, sehemu 12. Kila sehemu niliikata pabaya: mlango unagongwa, simu inaita, mtu anapiga yowe. Itaendelea! Kufika sehemu ya 7, msomaji mmoja akaniandikia: "Kaka, jana mlango umegongwa, leo kumbe muuza maziwa. Mimi hunipati tena."

Ilinichoma, ila alisema kweli. Taharuki niliyoijua ilikuwa moja tu, ya kuficha. Nani kaua, barua ina nini ndani. Msomaji akichoka kubahatisha, basi, hana kingine cha kumshika.

Kilichonizindua ni mfano wa mwongozaji filamu Alfred Hitchcock, alipohojiwa na Mfaransa François Truffaut mwaka 1962. Watu wanapiga soga mezani, ghafla bomu linalipuka chini yao: mtazamaji amepata mshtuko wa sekunde 15. Mwonyeshe bomu mapema, na soga ileile ya kipuuzi itamtoa jasho dakika 15.

Nikaifumua sura yangu ya moto. Mwanzoni mama aliwasha kiberiti, nyumba ikalipuka, kwisha. Sasa asubuhi mtoto anausogeza mtungi wa gesi ili apate pa kuchezea, mpira wa mtungi unalegea. Mama ana mafua makali, hanusi kitu. Anarudi kutoka gengeni, anaosha nyanya, anamgombeza mtoto kwa kuingia na viatu. Anapapasa juu ya kabati, kiberiti hakipo. Anamtuma mtoto dukani. Neno la kutisha sikutia hata moja. Kazi yangu ilikuwa kuchelewesha tu. Mwenye duka hana chenji, mtoto anasubiri.

Kuficha sijakuacha, ila nakutumia kama pilipili. Taharuki ya mhusika kukimbizana na muda nimeijaribu na bado inanishinda, nasahau saa ngapi imefika. Aina ninayoipenda siku hizi ni ile ya bibi: tulijua tangu mwanzo kwamba Fisi ataumbuka, na bado hatukulala mpaka tujue Sungura kamweza vipi.

Sura ya gesi niliirusha usiku, nikaikatia pale kwenye chenji. Yule aliyesema simpati tena akajibu kabla sijaweka simu chini: "Huyo mtoto apotelee hukohuko dukani, tafadhali."