Sentensi Moja ya Mama wa Kadutu

Gari likishavuka daraja la Rusumo na kuingia Rwanda, linahamia upande wa kulia wa barabara, na saa ya mkononi unairudisha nyuma kwa saa moja. Nilipanda basi Kahama, nikasinzia tangu Nyakanazi, na nilipoketi tena baada ya kugongewa muhuri kila lori lililokuja mbele nililiona linatuparamia. Ilikuwa Oktoba 2023. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya elimu maalumu Tabora, mji ambao ndiko shule ya kwanza ya viziwi Tanzania ilikofunguliwa mwaka 1963, na nilikuwa nakwenda kukaa wiki moja katika shule ya viziwi mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo. Shangazi yangu ameolewa huko. Yeye ndiye aliyeniombea nafasi kwa mwalimu mkuu, ambaye ni jirani yake.

Ya njiani ni mengi, nitayapita. Nililala Nyabugogo, Kigali, na alfajiri nikapanda gari la Rusizi. Msitu wa Nyungwe ulikuwa na ukungu na baridi ya kung'ata, na barabara ilijipinda hadi dada aliyekaa pembeni yangu akashindwa kuvumilia, nikampakata mtoto wake mpaka tulipotoka msituni. Kutoka Kamembe tuliteremka mpaka mpakani, na daraja la Ruzizi nikalivuka kwa miguu, polepole. Mto ule huyatoa maji ya Ziwa Kivu ukayamwaga Tanganyika, na mimi nimezaliwa Kigoma. Maji yaliyokuwa yakipita chini yangu yalikuwa yanakwenda kwetu.

Shangazi alikuwa ananisubiri ng'ambo. "Karibu, mutoto yangu! Bote ku nyumba biko bazima?" Miaka aliyokaa kule imekigeuza Kiswahili chake chote, na nilipenda kumsikiliza. Jioni alipakua ugali na sambaza. Nilipotafuna wa kwanza tu nikamwambia, "Shangazi, hawa si dagaa wa nyumbani?" Mume wake akacheka, akasema ndio wenyewe: walichukuliwa Tanganyika wakapandikizwa Kivu mwaka 1959, na leo nusu ya akina mama sokoni wanaishi kwa samaki huyo. Nawataja dagaa hawa kwa sababu watarudi katika habari hii.

Shule iko Kadutu, juu. Bukavu imechomoza ndani ya ziwa kwa vidole vya ardhi, na huko chini kuna nyumba nzuri zenye bustani, lakini watu wengi wanaishi kwenye miteremko ya nyuma, ambako njia nyingi ni ngazi za udongo na mvua ikinyesha unashika ukuta wa jirani ili usiteleze. Jumatatu asubuhi nilipanda na watoto. Walikuwa wanazungumza njia nzima kwa mikono, wakigeuka nyuma kuangaliana, na hakuna hata mmoja aliyeteleza.

Darasa nililopewa lilikuwa na watoto ishirini na wanne na mwalimu ambaye naye ni kiziwi. Nilijua Lugha ya Alama ya Tanzania kwa kiasi cha kuongea na mtu, nikadhani nitaanzia hapo. Alama zangu nyingi hazikueleweka. Nikatumia alfabeti ya vidole, herufi moja moja, nikionyesha kikombe: M-A-J-I. Watoto wakaningoja, kama vile sijamaliza. Mvulana mmoja mkubwa wa nyuma akasimama, akaja mbele, akanishika mkono kwa heshima, akatamka kwa vidole vyake: E-A-U.

Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Mtoto yule nyumbani kwao maji yanaitwa maji, na kwa bibi yake kijijini yanaitwa kwa Kimashi. Neno alilolijua yeye kwa maandishi lilikuwa la Kifaransa, na alama yake ilitoka mbali zaidi. Mwalimu ndiye aliyenieleza, yeye akiandika na mwalimu mkuu akinitafsiria. Alama zinazotumiwa na viziwi wengi wa nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa zimekulia katika lugha ya alama ya Marekani. Aliyezileta ni Andrew Foster, Mmarekani mweusi, kiziwi, aliyehitimu Gallaudet, chuo cha viziwi huko Marekani, mwaka 1954 na kufungua shule yake ya kwanza Accra mwaka 1957. Baada ya hapo alifungua shule zaidi ya 30 katika nchi mbalimbali za Afrika, Kongo ikiwemo. Alikufa katika ajali ya ndege ndogo nchini Rwanda, tarehe 3 Desemba 1987. Mwalimu aliipigia mstari tarehe hiyo mara mbili, kwa kuwa miaka mitano baadaye Umoja wa Mataifa uliifanya tarehe 3 Desemba kuwa siku ya watu wenye ulemavu duniani. Hakuna aliyepanga zilingane, alisema, lakini yeye kila mwaka huwasimulia watoto habari za Foster siku hiyo.

Jumanne sina la kusema zaidi ya kwamba nilijifunza alama arobaini hivi, na mikono ikaniuma.

Jumatano mvua ilinyesha tangu usiku. Saa tatu akaja mama mmoja amelowa, beseni la sambaza kichwani, amemshika mkono mwanawe wa miaka saba. Mtoto alikuwa amelia. Alizaliwa anasikia, akiwa na miaka miwili alishikwa na homa kali, akalazwa, akachomwa sindano siku nyingi, na aliporudi nyumbani akawa hageuki akiitwa. Darasani tumefundishwa kuwa homa ya uti wa mgongo huharibu sikio la ndani, na baadhi ya dawa za sindano, kama gentamaisini, nazo huweza kuliharibu. Ni lipi lilimpata yeye, mama hakuambiwa, na hakuniuliza hilo. Aliposikia kwamba mimi ni mwanafunzi wa mambo haya na nasema Kiswahili, alitua beseni.

"Dada, we unajua kusema na batoto na mikono. Unifundishe neno moja tu. Kila asubuhi nikitoka analia ku mulango, anafikiri naenda moja kwa moja. Mi sijue namna ya kumuambia nitarudia mangaribi."

Kwa miaka miwili nimesoma namna ya kumpima mtoto, kumpangia masomo yake, kupanga viti ili kila mmoja aone uso wa mwalimu. Tumeambiwa pia kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Niliiandika hesabu hiyo daftarini, nikajibu nayo mtihani. Sikuwahi kufikiri ina maana ya mama anayetoka asubuhi bila njia ya kuaga, miaka mitano mfululizo. Tunamwandaa mwalimu, tunamwandaa mtoto, na mzazi tunamwita siku ya kuchukua ripoti. Naamini tunakosea, na naamini kosa linaanzia vyuoni kwetu.

Sikuweza kumfundisha mwenyewe, kwani alama zangu zingemtenga na mwanawe mara ya pili. Nilimpeleka kwa mwalimu, nikasimama kati yao: mama alisema, mwalimu mkuu akatafsiri, nami nikaonyesha nilichoweza. Mwalimu alifikiri kidogo, akaikata sentensi ikawa na vipande vitano. Mama, dole gumba kidevuni, vidole vimekunjuliwa. Samaki, kiganja kinachoogelea. Kuuza. Jioni. Kurudi. Ile ya jioni ilimsumbua. Mkono mmoja unalazwa mbele ya kifua, umetulia kama ukingo wa ziwa, na wa pili unainama juu yake kama jua linalozama. Mikono ya mama ilikuwa na magamba ya samaki, na kila alipozamisha jua, ziwa nalo lilizama.

Alirudi Alhamisi baada ya soko, akarudi Ijumaa. Ijumaa alikuja na akina mama wengine wawili, mmoja na mtoto mgongoni, na mwalimu akawaandikia ratiba ubaoni: kila Ijumaa, saa nane. Mimi nilikuwa nahesabu siku zangu zilizobaki.

Jumamosi, kabla jua halijatoka vizuri, Shangazi alinisindikiza nyumbani kwa yule mama, kwa sababu yeye mwenyewe alituomba tuwepo. Chumba kimoja, mlango wa bati, beseni tayari pembeni. Mtoto alimwona mama anafunga kitambaa, akauelekea mlango na uso wake ukaanza kubadilika. Mama akachuchumaa mbele yake. Mama. Samaki. Kuuza. Jioni.

Mtoto akamtazama mikono. Akaushika ule mkono wa chini uliokuwa unatikisika, akaunyoosha, akaubana kwa kiganja chake kidogo mpaka ukatulia, kisha akauinamisha ule wa juu mwenyewe. Mama akamalizia: kurudi. Mtoto akaitika kwa kichwa.

Halafu akafanya alama moja kwa haraka, nyusi zimeinuka, akingoja. Mama akanigeukia. Sikuijua. Mtoto akairudia, mara ya pili, mara ya tatu, polepole zaidi, na mama akaiiga, akaiiga tena mpaka mtoto akaridhika nayo. "Jumatatu nitaipelekea mwalimu," akasema, "aniambie anauliza nini." Akajitwika beseni, akateremka ngazi, na mtoto alisimama mlangoni akimwangalia mpaka alipokata kona.