Algol mezani, Kamalondo

Baba mdogo alikuwa mwalimu wa hesabu hapa Lubumbashi, na nyumba yake ya Kamalondo ilijaa karatasi za mitihani. Jioni moja ya mwaka 1994 nilimfikia nikiwa na hasira: chuoni tulikuwa tunafundishwa Pascal, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, lakini umeme ulikuwa umekatika na chumba cha kompyuta kimefungwa. Nikamwambia programu haziwezi kujifunzwa bila mashine.

"Mwana, mimi Algol, lugha iliyoitangulia Pascal yako, nilijifunza kwa kalamu." Akanisogezea rundo la karatasi karibu na taa ya mafuta. "Zipange kwa pointi."

Nikaanza moja moja. Akanizuia, akachomoa karatasi ya 11 juu ya 20: zilizo chini ya hapo kushoto, zinazobaki kulia. "Sasa kila rundo ulifanyie vilevile." Nikagawa, nikagawa tena, hadi kila rundo likabaki na karatasi moja, na kumbe zote zilikuwa zimeshajipanga.

Kisha akaiandika kazi ile kwa Algol, mistari michache tu: begin, end, na katikati yake utaratibu, yaani kipande cha programu, unaojiita wenyewe mara mbili, mara moja kwa kila rundo. Nilisisimka. Njia hiyo ni ya Mwingereza Tony Hoare. Aliibuni akiwa mwanafunzi Moscow, lakini hakupata namna nyepesi ya kuieleza mpaka mwaka 1961, alipohudhuria mafunzo ya Algol 60 mjini Brighton. Fortran, lugha nyingine ya programu, siku hizo haikuruhusu utaratibu kujiita.

Algol 60 ilikamilishwa Paris, Januari 1960, na wataalamu 13 wa Ulaya na Marekani. Ripoti yao, iliyohaririwa na Peter Naur, haikueleza popote jinsi ya kuingiza data wala kuchapa majibu. Wengi huiita kasoro, na kweli iliwasumbua waliotaka kuitumia kwenye mashine. Mimi naipenda kwa hilo hilo: mtu aliweza kumweleza mwenzake njia ya kukokotoa, wakaelewana, kompyuta ikiwa mbali.

Nikauliza mbona imekufa. Baba mdogo akafungua daftari langu la Pascal, akachukua kalamu nyekundu ya kusahihishia na kupigia mstari kila kilichotoka kwa Algol: begin, end, alama ya :=, utaratibu ndani ya utaratibu. Ukurasa wa kwanza ukawa mwekundu wote. Halafu akanipa karatasi za darasa lingine, niandike njia ile mwenyewe kabla ya kuzigusa.